Kuweza kwa wiki sita si kuweza daima

Jioni moja ya Oktoba mwaka jana, mama mmoja auzaye mboga katika soko la Njoro alibisha hodi kwangu akiwa na karatasi mbili mkononi. Tumekuwa majirani kwa miaka mingi, na haikuwa mara ya kwanza kuniletea barua nimsomee. Watu wa mtaa wetu wanaamini kwamba mtu aliyesomea lugha hadi akapata udaktari hawezi kushindwa na karatasi yoyote. Ya kwanza ilikuwa barua ya kampuni moja ya kupokea simu za wateja. Ilimwarifu mwanawe, kijana aliyemaliza kidato cha nne na kufaulu vizuri, kwamba alikuwa amepita jaribio la sauti na kwamba angeajiriwa kwa wiki sita, kuanzia katikati ya Novemba hadi sikukuu za mwisho wa mwaka, aifanye kazi hiyo papo hapo nyumbani kwao. Ya pili ilikuwa nakala iliyochakaa ya fomu ambayo kwayo kijana huyo aliandikishwa katika mpango wa serikali wa kuwasaidia watu wenye ulemavu mkali.

“Mwalimu,” akaniuliza kabla hajaketi, “wakisikia anafanya kazi, ile ya serikali hawataikata?”

Yafaa msomaji amfahamu kijana mwenyewe kabla sijaendelea. Tangu utotoni hana nguvu za miguu wala za kiuno. Kila asubuhi mama yake humwinua kitandani, humwogesha, humvika na kumketisha, ndipo ashike njia ya sokoni. Lakini mikono yake ni mizima, na ulimi wake, nasema haya nikiwa mtu ambaye riziki yangu ni kusikiliza ndimi za watu, ni wa kupigiwa mfano. Kiingereza chake ni safi, Kiswahili chake kina adabu, na huhama kutoka Kikuyu hadi Kikalenjin bila mzungumzaji wa upande wowote kumshuku. Katika Bonde la Ufa la kati, ambako lafudhi ya mtu imewahi kumponza, hicho si kipaji kidogo.

Sasa tuitazame ile ya serikali. Mpango wa kuwapa fedha watu wenye ulemavu mkali ulianza mwaka 2011, na leo uko chini ya mwavuli wa Inua Jamii. Kiasi chenyewe ni shilingi 2,000 kwa mwezi. Umekusudiwa kaya zilizo fukara kupindukia, na mwenye ulemavu ni sharti awe mtu asiyeweza kujihudumia, anayehitaji mlezi wakati wote. Nafasi ni haba. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 918,270 wenye ulemavu kuanzia umri wa miaka 5, yaani asilimia 2.2 ya watu wa umri huo, ilhali kaya zilizokuwa zikipokea fedha hizi katika miaka hiyo hazikufika 50,000. Aliyeandikishwa, basi, ameketi penye kiti kinachotamaniwa na wengi, na anajua kwamba akiinuka hatakikuta.

Kuna wasomi wenzangu wanaozicheka shilingi 2,000. Kweli ni chache, na aghalabu huchelewa. Lakini waulizeni wenye maduka huko kwetu watawaambia thamani yake haiko katika wingi. Mama yule hukopeshwa unga, sabuni na mafuta ya taa kwa sababu mwenye duka anajua kwamba fedha zile, zichelewe zisichelewe, hatimaye zitafika. Shilingi hizo ndizo dhamana yake. Mshahara wa wiki sita, hata uwe mkubwa mara kumi, haukopesheki mwezi wa Machi. Ndiyo maana namkatalia yeyote atakayesema kwamba mama huyu ni mjinga aliyeogopa kuchukua kikubwa kwa kung'ang'ania kidogo. Alipiga hesabu, na hesabu yake ilikuwa sahihi.

Nilikwenda mwenyewe kuuliza katika ofisi moja inayohusika, ambayo sitaitaja. Afisa aliyenipokea hakuwa mtu mbaya. Alinisikiliza, akaitazama fomu, akasema, “Ikiwa anafanya kazi, Daktari, basi anaweza.” Nikamuuliza: na zile wiki sita zikiisha? Akanijibu kwamba ataandikishwa upya, nafasi zikipatikana. Nilitoka pale nikilirudia neno lile moja kichwani: anaweza.

Hapo ndipo niliposhikwa na mambo ya taaluma yangu, na naomba walimu na wanafunzi wasomao ukurasa huu wanivumilie kidogo. Fomu zetu zote hizi zilitungwa kwa Kiingereza, na hata zinaposomwa kwa Kiswahili mbele ya chifu, zinajua vitenzi viwili tu: anaweza na hawezi, anafanya kazi na hafanyi kazi. Lakini Kiswahili hakikuumbwa hivyo. Tuna kiambishi “-na-”, tuna “hu-”, tuna “-me-”, na kila kimoja kinauona wakati kwa jicho lake. Mtu akiniambia “anafanya kazi” nitadhani yuko kazini sasa. Akisema “hufanya kazi misimu ya sikukuu” nitaelewa kwamba leo huenda amekaa bure, na kwamba kesho kutwa huenda akaitwa. Tofauti hiyo mtoto wa darasa la nne huijua bila kufundishwa. Hata neno “hawezi” lenyewe lina historia ya kupendeza: kwa Waswahili wa pwani, kusema fulani hawezi ni kusema tu kwamba anaumwa, na mgonjwa hutarajiwa kuweza tena. Fomu za serikali zimelichukua neno la hali inayopita na kulifanya hukumu ya maisha.

Matokeo yake ni kwamba mwenye ulemavu hulazimishwa kujitangaza kwa kauli mbili zinazogongana. Mbele ya chifu na kamati ya kijiji aseme hawezi kabisa, na aseme kwa unyenyekevu wa kutosha ili asadikiwe. Mbele ya mwajiri aseme anaweza kila kitu, wala asiguse habari za mama amwinuaye kitandani. Kauli zote mbili ni nusu ya ukweli, na mtu anayezisema kwa zamu mwisho huonekana mwongo pande zote mbili.

Katiba yetu ya 2010, katika kifungu cha 54, inasema kwamba mtu mwenye ulemavu ana haki ya kutendewa kwa heshima na kuitwa kwa namna isiyomdhalilisha. Kifungu hicho kimezua mjadala mrefu miongoni mwa watu wa lugha. Wapo wanaotaka tuyafute maneno kipofu, kiziwi na kiwete kwa sababu yamo katika ngeli ya vitu, pamoja na kiti na kikombe. Mimi hunung'unika kidogo ninaposikia hoja hiyo, maana kijana na kiongozi pia wamo humo humo, na sijasikia kiongozi yeyote akilalamika kwamba ngeli yake imemshusha hadhi. Hata hivyo sipingi kusema “mtu mwenye ulemavu”. Ni adabu njema, na wenyewe wameichagua. Ninachosema ni kwamba tumetumia nguvu nyingi kusafisha majina tukasahau vitenzi. Kumwita mtu kwa jina la heshima, kisha kumwandikia “hawezi” kwa wino usiofutika, ni kumkaribisha mgeni sebuleni na kumnyima kiti.

Turudi kwenye kazi yenyewe, maana kuna watakaodhani kwamba kazi ya kupokea simu kwa ajili ya watu wa mbali ni jambo geni, la vijana wa Nairobi peke yao. Si geni hata kidogo. Tuliosoma miaka ya themanini na tisini twakumbuka kwamba ukipiga simu wizarani au katika shirika kubwa, sauti iliyokupokea na kukuunganisha ilikuwa, mara nyingi, ya mtu asiyeona. Taasisi ya ufundi ya wasioona kule Machakos ilikuwa miongoni mwa mahali walikofunzwa kazi hiyo. Alijua nambari za ofisi nzima kwa kichwa. Alimtambua mkurugenzi kwa kikohozi chake. Ilikuwa kazi ya kudumu, yenye pensheni. Kisha zikaja simu za mkononi na mitambo ya kujiunganisha yenyewe, meza zile zikaondolewa moja baada ya nyingine, na wala sikumbuki kuona mjadala wowote katika magazeti kuhusu walikokwenda waliokuwa wamezikalia.

Kilichobadilika ni umbali. Kabla ya mwaka 2009 sauti ya kwenda ng'ambo ilipitia setilaiti, ikachelewa kiasi cha nusu sekunde. Nusu sekunde ni kitu kidogo kwa asubiriye basi la Molo, lakini katika mazungumzo ni shimo: watu wawili wasemao huachiana zamu kwa muda mfupi kuliko kufumba na kufumbua, na ukichelewa mwenzako hudhani umekasirika au hukumsikia. Mwaka huo nyaya za chini ya bahari za SEACOM na TEAMS zilipofika Mombasa, shimo hilo likafukiwa. Tangu hapo mtu anaweza kuketi Nakuru akamtuliza mteja wa Chicago ambaye mzigo wake umepotea, na mteja asijue kama aliyemjibu yuko mtaa wa pili. Ilipokuja korona mwaka 2020, waajiri wengi waligundua kwamba hata lile jumba la ofisi halikuwa la lazima.

Na kwa nini ya msimu? Kwa sababu hiyo hiyo inayoifanya Naivasha kuajiri vibarua wengi wa maua kabla ya tarehe 14 Februari. Wamarekani hununua zawadi kuanzia mwisho wa Novemba, mizigo ikachelewa, ikapotea au ikafika imevunjika, na kila mmoja akashika simu. Januari kelele hutulia na vibarua huachwa. Kibarua wa maua husimama mezani kutwa nzima akifunga mashada. Kijana wangu asingeweza hata saa moja. Kibarua wa simu huketi. Ni mojawapo ya kazi chache sana za msimu katika mkoa huu wa mahindi, chai na maua ambazo hazimuulizi mtu habari za miguu yake.

Sitaki kuipamba, hata hivyo. Saa tatu asubuhi ya New York mwezi wa Desemba ni saa kumi na moja jioni ya Njoro, kwa hiyo kazi hii ni ya usiku, na mlezi naye hukesha. Mvua ya Njoro ikipiga juu ya mabati, mteja huuliza kama uko karibu na maporomoko ya maji. Umeme ukikatika, zamu yako imekatika nao, na aghalabu hulipwi. Kijana huyo alitakiwa awe na kompyuta, vipokea sauti vya masikioni na intaneti isiyoyumba, vyote kwa gharama yake. Kesi zilizofikishwa mahakamani Nairobi kuanzia mwaka 2022 na waliokuwa wakichuja picha na maandishi kwa niaba ya makampuni ya ng'ambo zimetufundisha kwamba mwajiri aliye mbali ana mikono mirefu ya kuamuru na mifupi ya kuwajibika. Tena sasa kuna programu za kompyuta zinazobadili lafudhi ya msemaji papo hapo, na nyingine zinazojibu zenyewe bila mtu. Kwa kiziwi, kazi ya simu ni mlango uliofungwa tangu mwanzo. Mwanafunzi wa Shule ya Viziwi ya Ngala hapa Nakuru ataihitaji ile ya kujibu kwa maandishi, na hiyo ni hoja inayostahili makala yake.

Yote hayo ni kweli, lakini hakuna hata moja lililomfanya mama yule abishe hodi kwangu. Mvua alishaifikiria: angetandika magunia juu ya dari. Kompyuta mjomba wa kijana aliyeko Lanet alikuwa tayari kuiazima. Kilichomshinda ni ile sentensi ya afisa.

Ajabu ni kwamba sheria zetu zinavutana zenyewe kwa zenyewe. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2003 ililitaka Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu lifanye juhudi za kuwatengea asilimia 5 ya kazi zote za kibarua, za dharura na za mkataba, serikalini na katika makampuni ya watu binafsi. Tazama: za kibarua! Waliotunga walijua kwamba kazi za watu hawa zingekuwa za kuja na kwenda. Sheria mpya ya 2025 iliyochukua nafasi yake inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awatengee asilimia 5 ya nafasi. Tangu 2010 mwenye ulemavu aliyepewa cheti cha msamaha halipi kodi ya mapato kwa shilingi 150,000 za kwanza za mshahara wake wa mwezi. Kwa hiyo mwenye ulemavu apataye shilingi 150,000 kila mwezi serikali humwambia: tunajua kuishi na ulemavu kuna gharama, bakia na fedha zako. Na yule wa shilingi 2,000, akipata kibarua cha wiki sita, huambiwa: basi unaweza, rudisha. Huyo wa kwanza simwonei kijicho, anastahili. Ila nashindwa kuona kwa nini gharama za ulemavu zitambuliwe kwa mwenye mshahara mnono na zisitambuliwe kwa mwana wa muuza sukuma.

Hao hao Wamarekani ambao wangepigiana gumzo na kijana wetu usiku kucha wamelifikiria jambo hili. Kwao, apokeaye malipo ya ulemavu kutokana na michango aliyotoa alipokuwa akifanya kazi huruhusiwa kujaribu kazi kwa miezi 9, si lazima mfululizo, katika kipindi cha miaka 5, na malipo yake hayaguswi. Mpango wao una kasoro zake nyingi, na nchi yao ina hazina tusiyo nayo. Lakini kanuni yenyewe haihitaji hazina. Kutomkata mtu shilingi 2,000 ambazo tayari zimo katika bajeti hakuongezi hata senti moja kwa matumizi ya taifa. Wala hofu ya kwamba watu watadanganya hainitishi sana: mwenye kuogeshwa na mama yake atadanganya nini kuhusu wiki sita za kuzungumza na simu?

Ningependa fomu ile irekebishwe, na kwa kuwa watu wa lugha hulaumiwa kwa kukosoa bila kutengeneza, hivi ndivyo ningeiandika. Mahali panapouliza kama mhusika anafanya kazi, paulize: “Je, hufanya kazi kwa misimu? Ikiwa ndivyo, kwa jumla ya miezi mingapi kwa mwaka?” Na chini yake paandikwe kwamba asiyezidi miezi 6 kwa mwaka hatafutwa katika orodha, na kwamba atakayezidi atasimamishiwa malipo bila kupoteza nafasi, ili kazi ikiisha arejee bila kuanza foleni upya. Mahali panapouliza kama mhusika anaweza kujihudumia pabaki palivyo, maana hilo ni swali la kweli na jibu lake halibadiliki Desemba. Kuajiriwa na kujihudumia ni mambo mawili. Kijana huyu aweza kumtuliza Mmarekani mwenye hasira kwa dakika tatu, na bado hawezi kujishusha kitandani.

Mwaka jana hakuichukua ile kazi. Mama yake aliamua, naye akatii, kwa kuwa ndiye amwinuaye. Wiki ya kwanza ya Desemba nilimkuta ameketishwa mlangoni akiota jua, akanisalimu kwa ile sauti yake ya simu, kwa Kiingereza, akiniuliza kama angeweza kunisaidia leo. Tulicheka sote wawili, kisha mama yake akatuomba tunyamaze kidogo.

Kampuni imemwandikia tena. Anatakiwa ajibu kabla ya mwisho wa mwezi huu, na barua iko mezani kwangu kando ya ile fomu.